Gitaa Langu Kwenye Harusi ya Neema

Jamani, hili nalisimulia nimeinamisha uso, maana hadi leo nikipita sokoni Issuna kuna mama muuza nyanya ananiita "msanii", na hanisifu.

Gitaa nililinunua baada ya kuuza alizeti, nikawa najifunza kwa video za kwenye simu. Mwezi wa kwanza nilikuwa moto. Wa pili vidole vikauma, wa tatu gitaa likabaki linaning'inia ukutani na vumbi lake. Nikaona dawa ni kujibana mwenyewe, basi kwenye kikao cha harusi ya mdogo wangu Neema nikasimama nikatangaza kwamba siku ya kuingia kanisani nitampigia mimi, nikijua aibu itanilazimisha kufanya mazoezi (na kweli ilinilazimisha, siku nne). Neema akanikumbatia mbele ya wajumbe. "Kaka, zawadi yangu ni hiyo tu, usiniletee kabati." Sasa ningerudi nyuma vipi?

Siku ikafika. Wimbo unataka kodi tatu (siyo ya nyumba, zile za gitaa, namna unavyobana nyuzi), mimi ninazo mbili, na mpango wangu ulikuwa kwamba ya tatu ikifika nakohoa. Neema akatokea mlangoni ameshikwa mkono na baba mdogo, nikaanza, nikakohoa, nikakohoa tena, kwa woga nikazidisha mwendo, Neema naye akazidisha, wasindikizaji wake nyuma wakawa kama wanawahi basi, ndipo uzi ukakatika pwaa! ukanichapa shavuni, nikaruka, mguu ukanasa kwenye waya, spika ikaangukia meza ya maua na maji yote yakaingia kwenye viatu vya mchungaji.

Neema kasimama katikati ya kanisa, shela inatetemeka.

"Kaka," akasema taratibu, "inatosha."

Natamani ardhi ipasuke. Mara kwa mlango wa pembeni akaingia mama mmoja, kanga kiunoni, masizi hadi kwenye viwiko. Alikuwa Mama Zuhura, shangazi wa bwana harusi, katoka Itigi kuja kusimamia pilau nje.

"Mwanangu, nipe hicho kitu."

Nikampa. Akaketi kwenye benchi, akakaza nyuzi tano zilizobaki huku ameinamisha sikio, akaanza.

Ndugu zangu, sijui niwaeleze vipi. Kidole gumba kilikuwa kinatembea chini peke yake, polepole, kama mtu anayerudi kutoka shambani, na juu yake vidole vingine vinaongea mambo mengine kabisa, mpaka nikageuka kutafuta mtu wa pili anayepiga. Hakuwepo. Watoto walinyamaza. Mchungaji alisahau viatu vyake. Neema akaanza tena kutembea, safari hii kwa mwendo wake mwenyewe, machozi yanamtoka na anatabasamu, nami nimesimama kando ya spika iliyolala, nywele zimenisimama, nimesahau kabisa kwamba ninaaibika.

Baada ya ibada nikamfuata jikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Shavu linauma?"

"Kidogo. Mama, ulijifunzia wapi?"

"Stesheni. Nilikuwa nauza mihogo, treni ikichelewa napiga gitaa la marehemu kaka yangu. Na treni zilichelewa kweli."

"Hukuwahi kukata tamaa?"

Akacheka. "Mara ngapi! Nikichoka naliweka chini. Kesho yake nalichukua. Mwaka wa kwanza wote ni wimbo mmoja, tena watu walikuwa wananihama." Akanishika mkono, akabonyeza ncha za vidole vyangu kimoja kimoja kama anayechagua parachichi. "Bado laini hizi," akasema, akarudi kugeuza pilau.

Nimeapa: mdomo wangu hautatangulia tena vidole vyangu. Mtu akiniuliza kama najua gitaa, namjibu kwamba najifunza, basi. Nakaa nyuma ya nyumba kila jioni na wimbo mmoja. Majirani wameanza kunihama.