Kidole cha Msimamizi

Nilipoanza kibarua cha kukata minofu ya sangara, nilikuwa na mwili ambao sikuwahi kuufikiria. Nilikula, nikalala, nikaamka. Tulikuwa tumepanga chumba Pasiansi, mimi na mume wangu, na kiwandani nilikwenda kwa miguu. Yeye alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Kazi yake ilikuwa ya kuja na kupotea, kwa hiyo tuliona heri mmoja wetu awe na mahali pa kwenda kila asubuhi. Hatukujua kwamba ningeweza kufika huko kila asubuhi na bado nisiwe na kazi.

Kwa watu kama sisi hakukuwa na mkataba. Tulikusanyika getini kabla jua halijachomoza, wanawake wengi na wanaume wachache, tukamsubiri msimamizi wa zamu. Yeye alikuwa ameshaambiwa samaki walioshushwa ni wengi kiasi gani. Alitoka, akasimama kwenye kizingiti, akanyoosha kidole: wewe, wewe, wewe, na yule wa nyuma. Aliyeonyeshwa aliingia. Geti likishafungwa, tuliobaki tulisimama kidogo tukitazamana, halafu kila mtu akashika njia yake bila kuaga.

Kila mmoja alikuwa na imani yake kuhusu kile kidole. Kuna mama aliyejipaka mafuta usoni mpaka akang'aa, akisema mtu mwenye uso mkavu huonekana ana njaa, na mwenye njaa huonekana mvivu. Mwingine alisimama upande wa kushoto siku zote. Rafiki yangu, dada mmoja wa Ukerewe aliyekuwa akikata samaki meza moja na mimi, alifunga kilemba kipya kila alipoweza. Mimi nilijizoeza kutabasamu. Nilitabasamu gizani, nikiwa sijui hata kama naonekana.

Mgonjwa haruhusiwi kugusa samaki, na hilo lilikuwa sawa. Kwenye mlango wa kuingilia ukumbini, baada ya kuvaa koti jeupe na buti za mpira, kulikuwa na dada aliyekagua kucha na kuuliza kama una homa, mafua au tumbo la kuendesha. Sote tulijibu hatuna. Aliyerudishwa kwa ugonjwa hakulipwa siku hiyo, lakini hofu yetu kubwa ilikuwa kwamba msimamizi angemkumbuka kuwa ni mgonjwa, na asubuhi zilizofuata kidole kingempita. Kwa hiyo tuliumwa kwa siri.

Kwangu ilianza na meno. Mume wangu aliniambia nikilala nayasaga kama mtu anayetafuna mchanga. Kisha usingizi wenyewe ukapungua. Nikawa nashtuka jogoo hajawika, nimeshakaa kitandani, miguu chini. Tumbo likaanza kuwaka moto. Geti lolote likigongwa mtaani, hata la jirani, moyo ulikimbia.

Siku zilizonichosha zaidi ni zile nilizobaki nje. Mtu angedhani ningepumzika. Nilirudi nyumbani nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu, nikatembea mpaka sokoni Kirumba bila cha kununua, nikarudi, nikafagia, nikatoka tena. Mume wangu alikuwa akiniangalia tu.

"Kaa basi," aliniambia siku moja.

"Nimekaa."

"Umesimama mlangoni."

Ni yeye aliyenipeleka zahanati. Muuguzi, mama wa makamo, alinipima presha, akatazama mashine, akanipima tena mkono wa pili.

"Una mawazo, mayu?" aliuliza. Kwa Wasukuma mayu ni mama, na aliponiita hivyo nilitaka kulia.

"Mawazo ya kawaida tu."

"Ya kawaida ndiyo yapi?"

Nikamweleza habari za getini. Alisikiliza akiwa ameshika kalamu bila kuandika. Akasema presha yangu ni ya mtu mwenye umri mkubwa kuliko wangu, akanipa dawa, akanitaka nirudi kila wiki asubuhi kupimwa.

"Asubuhi siwezi."

"Kwa nini, kama hujui kama utapata kazi?"

"Ndiyo maana siwezi," nikamwambia. 

Msimu wa mvua rafiki yangu akapata malaria. Nilimwona getini amejikunyata ndani ya khanga, macho mekundu, nikamwambia arudi nyumbani.

"Nimekunywa panadol," alisema. "Mpaka kwenye ukaguzi wa kucha homa itakuwa imeshuka."

Tulionyeshwa wote wawili. Kwa dada wa kucha alipita. Ndani, kwenye baridi ya ukumbi na maji ya barafu yanayochuruzika mezani, alianza kutetemeka. Sote tulikuwa tunatetemeka kidogo mle ndani, hivyo mwanzoni hakuna aliyeshangaa. Kisha kisu chake kikaanguka. Alijishika mezani, akateleza taratibu, akakaa sakafuni katikati ya ngozi za samaki.

Hakuna aliyepiga kelele. Mama wa mafuta ya uso alimvuta nyuma ya kreti tupu, mwingine akasogeza rundo lake la samaki upande wetu, nasi tukabana mezani ili pengo lisionekane. Tulikata samaki wake na wetu. Nilikuwa namsikia akipumua nyuma ya miguu yangu, na mikono yangu ilikuwa inakwenda haraka mno, haraka ya hatari kwa mtu mwenye kisu kikali. Kichwani nilikuwa narudia mambo mawili tu: asife, na msimamizi asije.

Msimamizi alikuja. Alisimama upande wa pili wa meza, akatutazama tulivyobanana. Akazunguka. Akamwona.

Tulisubiri aseme neno. Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti, na tulimchukia kwa sababu hatukuwa na mwingine wa kumchukia. Akavua koti lake zito la chumba cha baridi, akainama, akamfunika.

"Wawili mtoeni kwa mlango wa barafu," alisema. "Nje kuna bajaji. Mtu akiuliza, nimewatuma mimi."

Mimi na mama wa mafuta tulimbeba. Hospitali walimwekea dripu, wakasema malaria imepanda na damu imepungua, na kwamba tungechelewa zaidi ingekuwa habari nyingine. Alilazwa. Nilikaa karibu na kitanda chake, na badala ya kumwombea nilijikuta nafikiria kama nitaonyeshwa kesho. Hivyo ndivyo kichwa changu kilivyokuwa wakati ule.

Nilionyeshwa. Jioni, tulipotoka, nilimkuta msimamizi kwenye banda la chai nje ya kiwanda, nikamrudishia koti lake. Nilitaka kushukuru na kuondoka, lakini alinisogezea benchi.

"Mwenzenu anaendeleaje?"

"Ameamka. Amekula uji."

Alikunywa chai. 

"Mimi pia ni kibarua," alisema. "Mnadhani nina ofisi. Napigiwa simu jioni naambiwa njoo kesho. Wasipopiga, siji. Hata sasa sijapigiwa."

Simu yake ilikuwa mezani kati yetu, uso juu. Nikamuuliza lile ambalo sote tulikuwa tukijiuliza: kile kidole kinafuata nini.

"Viatu," alisema.

"Viatu?"

"Naangalia chini. Naonyesha viatu, yeyote aliye juu yake anaingia. Zamani nilikuwa natazama nyuso. Nikirudi nyumbani naziona zote, za waliobaki. Nikashindwa kulala."

Nilikumbuka mafuta, vilemba, tabasamu langu la gizani. Nilitaka kucheka, kicheko hakikuja. Nilimwambia tu kwamba afadhali wote tungepigiwa simu jioni kama yeye, kuliko kuja kusimama. Akasema atalipeleka jambo hilo kwa wakubwa. Sikuamini, lakini alilipeleka, na baada ya muda utaratibu ukabadilika. Getini hakukuwa tena na watu. Tulipigiwa.

Nilidhani nimepona. Kumbe geti lilikuwa na mahali pake na saa yake. Simu haikuwa nayo. Niliiweka ndani ya sufuria tupu ili ikilia isikike hadi uani. Niliingia nayo bafuni imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Kanisani niliishika mkononi, na wakati wa maombi nilifumbua macho kuitazama. Mara nyingi nilisikia ikilia wakati haikulia. Muuguzi, ambaye sasa niliweza kumwendea, alinipima akatikisa kichwa, akaongeza dawa.

Rafiki yangu alipotoka hospitali hakurudi Pasiansi. Alikwenda kwao Ukerewe, akawa analima viazi na mama yake na kushona nguo za watu kwa cherehani ya shangazi. Alinitumia ujumbe niende nimwone. Niliahirisha na kuahirisha, maana nikiwa kisiwani nikaitwa, nitafikaje? Mwishowe mume wangu ndiye aliyekata tiketi ya meli, akanipeleka bandarini mwenyewe, akabaki amesimama mpaka tulipoondoka.

Nilimkuta rafiki yangu amenenepa. Tulipika samaki, tukala, tukaongea hadi maneno yakatuishia. Baada ya chakula nilijilaza kidogo kwenye mkeka barazani, nimeweka simu karibu na sikio. Nakumbuka sauti ya cherehani ikikimbia na kusimama, ikikimbia na kusimama.

Nilipoamka jua lilikuwa limeinama kabisa. Simu haikuwepo. Niliinuka kwa nguvu hivi kwamba nilipata kizunguzungu, nikaona ameishika yeye, amekaa kwenye kiti cha cherehani.

"Wamepiga," alisema. "Wa kiwandani."

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia umelala."

"Wakasemaje?"

"Wakasema haya."

Nilimuuliza kama kuna meli ya kurudi. Akasema imeshaondoka. Nilizunguka uani, nikaenda mpaka barabarani, nikarudi, nikaenda tena. Hakunizuia. Alimaliza kushona mkono wa gauni, akakata uzi kwa meno, akaniita nimsaidie kumenya viazi.

Kiwandani sikuitwa wiki nzima, kisha wakaniita tena. Bado naenda, na dawa za presha bado nazimeza. Lakini siku ile Ukerewe mama wa rafiki yangu alisema nilikoroma, na mtu anayesaga meno hakoromi, alisema. Nilikuwa nimelala kweli.