Msumari wa Kichwa cha Shaba

Mtaa wetu uko bondeni, kando ya mto, na majengo yake ya zamani yote yameinuliwa juu ya nguzo kwa sababu ya mafuriko. Kanisa nalo lilijengwa hivyo, na sakafu yake ni ya mbao. Chini ya sakafu hiyo, katikati ya nguzo, fundi seremala mmoja alikuwa na karakana yake kwa miaka thelathini na minne. Mchungaji wa zamani alimpa nafasi hiyo bure kwa sharti moja tu, kwamba asipige nyundo wakati wa ibada. Sharti hilo halikumsumbua, maana wakati wa ibada alikuwa juu, benchi la tatu kutoka mbele, kando ya dada yake mjane aliyekuwa akiishi naye.

Watu walimwita Mzee Misumari. Alikuwa na tabia moja ambayo wengine waliiona ubahili, nami naiita adabu ya kazi: hakuacha msumari kwenye ubao aliomaliza kuushughulikia. Akibomoa kitu, aling'oa misumari yote, akainyoosha mmoja mmoja juu ya kipande cha chuma, akaitia kwenye kopo. Alisema msumari ulioachwa lazima umchome mtu, na mtu huyo hatajua amlaumu nani.

Mafuriko makubwa yalikuja mara tatu katika miaka saba. Baada ya kila mafuriko, familia zenye uwezo zilihamia mlimani, na kwaya ikaenda nazo. Vyumba vilivyobaki vilipangishwa kwa watu waliofuata kazi kwenye soko la nafaka, na wengi wao walikuwa Waislamu. Wapo wanaosema tulifukuzwa. Huo ni uongo. Tulihama wenyewe kwa kuogopa maji na kupenda upepo wa mlimani, halafu tukataka jengo litusubiri kama mke wa baharia. Jumapili ya mwisho tulikuwa watu kumi na mmoja, tukijumlisha na mchungaji. Wazee wa kanisa wakaliuza jengo, na walioinunua nyumba ile ya ibada ni Waislamu wa sokoni, waliokuwa wakiswali kwenye ghala.

Kamati ya msikiti ilimpa fundi kazi ya kuutengeneza ukumbi. Aondoe mabenchi, azibe matundu sakafuni, achore mistari ya safu, atengeneze rafu za viatu. Kuhusu karakana yake, mwenyekiti wa kamati, muuza nafaka mwenye sauti ya kupigia mnada, alimwambia, "Hilo la chini tutalizungumza baada ya ufunguzi."

Fundi alielewa. Ufunguzi ulikuwa Ijumaa ya wiki ya nne. Hadi hapo angekuwa anapimwa, na umri wake haukuwa wa kuanza kubeba benchi la kazi kutafuta kibaraza kingine.

Mabenchi aliyatengeneza yeye na marehemu baba yake. Kanisa la mlimani halikuyataka, kwa kuwa lilikuwa limenunua viti vya plastiki. Basi akayapasua yawe rafu.

"Mbao tulizokalia kusikiliza Neno," dada yake alisema, "leo zinabeba makubazi!"

"Ulitaka zibebe nini, dada? Jikoni ulishaanza kuziangalia kwa macho ya kuni."

"Mimi?"

"Wewe."

Dada yake alicheka bila kupenda.

Kabla kazi haijaanza, mwalimu wa madrasa alikuja na dira. Alikuwa kijana mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Jengo lilielekea mtoni, lakini kibla hakikuwa upande wa mto. Kilikaa mshazari, kuelekea kona. Mwalimu akapigilia misumari miwili yenye vichwa vya shaba, mmoja karibu na mlango na mwingine karibu na ukuta wa mbele.

"Fundi, vuta uzi kati ya hii miwili. Huo uzi ndio uelekeo wetu. Safu zote zikate uzi huo sawasawa, kama msalaba..." Akasita, akaona haya.

"Sema tu msalaba, mwalimu," fundi akamjibu. "Pembe mraba ni pembe mraba."

Kisha mwalimu akasafiri kwenda kumzika mkwewe.

Fundi aliondoa mabenchi kwa siku nne. Kila benchi lilikuwa limeshikiliwa sakafuni kwa misumari, na kama kawaida yake aling'oa yote, akipiga magoti na kupapasa kwa vidole. Ulipofika wakati wa kuvuta uzi, msumari wa mlangoni ulikuwepo, lakini wa mbele hakuuona. Mahali pale palikuwa na matundu mengi. Akachagua moja lililoonekana jipya, akasema moyoni kwamba msumari umechomoka, akaweka mwingine, akavuta uzi na kuchora safu zote kwa rangi nyeupe.

Kosa lake liko hapo. Kung'oa msumari si kosa, ni mazoea ya mikono. Kosa ni kwamba alikuwa na shaka na hakuuliza. Angeweza kumsubiri mwalimu. Lakini fundi wa miaka thelathini na minne huona haya kumuuliza kijana mahali pa msumari, na haya ya namna hiyo, tukiitazama vizuri, ni kiburi kilichovaa nguo za kazi.

Mwalimu alirudi siku ya Jumatano, akatazama mistari imelala mshazari kama alivyotaka, akashukuru. Hakupima tena.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana, fundi alikuwa chini akimalizia rafu ya mwisho. Alitia mkono kwenye kopo kuchukua msumari, akatoa wenye kichwa cha shaba. Ulikuwa umenyooshwa vizuri sana.

Akauweka juu ya benchi, akakaa kitako. Kisha akapanda juu na taa, akakagua moja moja matundu ya mbele, ambayo alikuwa bado hajayaziba. Yote yalikuwa mapana, ya misumari minene ya mabenchi, isipokuwa moja jembamba lililokuwa mbali na lile alilolichagua kwa upana wa kiganja.

Alikwenda nyumbani na msumari ule mfukoni. Dada yake alimsikiliza huku akikunja nguo.

"Nani anajua?" akauliza.

"Mimi."

"Basi. Kiganja kimoja, kaka! Wewe si wa dini yao, na wao hawajaona. Unajua watakachosema? Kwamba fundi wa kanisa amewapindishia kibla kwa uchungu. Karakana utaisahau, na mimi sokoni nitapita wapi?"

"Nilipewa mstari nichore. Nimechora mwingine."

"Mungu hapimi kwa rula."

"Mimi ndiye ninayepima kwa rula, dada. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa."

Dada yake ni mcha Mungu, na alisema yale kwa hofu tu. Lakini hofu imewafanya wacha Mungu wengi kuwa waongo. Fundi alivaa shati safi, akarudi.

Aliwakuta mwenyekiti na mwalimu ukumbini wakihesabu mikeka. Akavua viatu mlangoni, akawaeleza yote bila kuzunguka, na msumari akauweka kiganjani mwa mwalimu.

Mwenyekiti alisimama. "Nilisema! Nilisema kwenye kamati, tumtafute fundi wa kwetu. Watu mia tatu wanakuja kesho! Umefanya makusudi, mzee."

"Sikufanya makusudi. Nilifanya uzembe."

"Mtu mwenye makusudi," mwalimu alisema taratibu, akiugeuzageuza msumari, "haji mchana kweupe na ushahidi mkononi, mwenyekiti. Angekaa kimya, nasi tungemwombea dua." Akamgeukia fundi. "Mzee wangu, usijitese. Dini yetu haina ugumu kiasi hicho. Ukikosea kidogo namna hii, swala haiharibiki."

"Mambo ya swala sijui, mwalimu, hayo ni yenu. Mstari naujua. Umepinda."

Mwalimu alimtazama, kisha akaanza kucheka, akavua miwani kujifuta macho. "Mwenyekiti, huyu ni mkali kuliko mimi."

"Sioni cha kuchekesha," mwenyekiti akasema.

"Basi shika uzi."

Dira ikaletwa. Msumari wa shaba uliingia kwenye lile tundu jembamba bila kugoma. Fundi alivuta uzi toka mlangoni, na upande wa pili, kwa kuwa mwalimu alikuwa ameshika dira, mwenyekiti alipiga magoti na kuushika kwa vidole vilivyozoea magunia. Fundi alikwangua mistari ya zamani kwa msasa, mwalimu akafagia unga wa rangi, na kabla jua halijashuka mistari mipya ilikuwa imechorwa na madirisha yote yamefunguliwa ikauke. Hakudai chochote kwa kazi ya pili, wala wao hawakumwambia chochote kuhusu karakana.

Ijumaa mchana alikaa chini kati ya nguzo, mikono magotini, randa imelala. Mchungaji alikuwa amekwenda mlimani na sharti lake, lakini fundi hakugusa nyundo. Alisikia juu yake uzito wa watu mia tatu wakiinama pamoja, na sakafu haikulia hata mahali pamoja.

Walipotoka, mwenyekiti alishuka. Alisimama mbele ya mbao zilizopangwa kando ya bomba.

"Hizi mbao zako zimeziba njia, fundi. Watu wanataka kutawadha. Zisogeze ukutani."

"Nitazisogeza." Fundi akainuka polepole. "Na mimi?"

"Wewe nani kakwambia usogee?" Akageuka kuondoka, kisha akarudi. "Na mlango wa ghala langu unakwama. Jumatatu."

"Jumatatu nitakuja."

Jumapili alipanda mlimani na dada yake, wakakaa kwenye viti vya plastiki, na dada yake akalalamika mgongo hadi walipofika nyumbani. Karakana ipo mpaka leo, na kopo la misumari limejaa. Ule wa kichwa cha shaba, kule juu sakafuni, aliupigilia mwenyewe ukalingana na ubao ili usimchome mtu, akauacha hapo.