Mkaaji wa Kodi, Mgeni wa Ardhi: Safari Yangu ya Kolwezi

Nilifunga safari ya Kolwezi kwa sababu dola la Zaire lilishindwa kukata shauri kama mimi ni mkaaji wake au mgeni. Nilikuwa nimemaliza masomo ya chuo kikuu Lubumbashi, na huku nyumbani Kigoma shule ilikuwa ikinisubiri nifundishe hesabu. Muhula ulikaribia kufunguliwa. Lakini mwanafunzi wa kigeni hakugongewa muhuri wa kutoka nchini mpaka ijulikane kama anadaiwa kodi ya kichwa, na kodi hiyo ni ya wakaaji. Lubumbashi waliniita mgeni. Kolwezi, nilikofanya mafunzo ya mgodini, nilikuwa mkaaji aliyetoroka. Na nilipowahi kuomba msaada wa masomo, serikali hiyo hiyo ilinijibu kwamba msaada si wa wageni. Ina jicho moja tu, nalo limetua mfukoni mwa mtu.

Asubuhi ya safari, treni iliondoka ilipojisikia. Tulipita Likasi, kisha Tenke, kati ya vichuguu virefu kuliko vibanda na wanawake wauzao mihogo ya kuchoma. Kila tuliposimama, askari alipanda na kutuita “sitwayeni”, yaani raia, neno ambalo watu wote wameamriwa kuitana badala ya bwana na bibi. Nami niliitwa raia, hasa pale askari alipokuwa na njaa.

Jioni, Kolwezi. Vilima vya mabaki ya machimbo vilikuwa palepale, na vumbi lake jekundu likanipokea kabla ya watu. Nilifikia kwa Tata Kalonji, yaani Baba Kalonji, fundi wa mgodini, mtu wa jimbo la Kasai ambaye baba yake aliletwa huko kuchimba shaba. Nyumbani mwake ndimo nilimolala wakati wa mafunzo. Nilipomweleza taabu yangu, alicheka kwa furaha, kwani yeye ndiye aliyeniandikisha.

“Njo mi nilibaambia! Shefu ya mutaa aliuliza: mu nyumba yako munaikala banani? Nikasema: mi, bibi yangu, batoto, na huyu mutoto ya Kigoma.”

“Lakini tata, nilikuwa mgeni wako.”

“Mugeni?” Uso wake ulibadilika. “Kilio ya ndugu yangu, nani alileta kuni?”

Nililijua jibu. Katika mtaa ule, msiba ukitokea, kila nyumba hupeleka kuni za moto wa waombolezaji. Aliyepeleka kuni ni mtu wa mtaa. Asiyepeleka, hata angezaliwa hapo, ni mpangaji tu. Mimi nilipeleka. Tata alikuwa amenipa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyonifungia mpaka.

Mkewe, Mama Ngalula, aliweka bukari mezani, ugali wao wa mahindi. “Kula, sitwayeni,” alinitania. “Kesho batakukula we.”

Kesho yake tulikwenda watatu kwenye ofisi ya zone, kama wanavyoiita wilaya ya mji. Mkuu wa ofisi alivaa abakosti, lile koti lisilo na tai linalodaiwa kumrudishia Mwafrika utu wake. Koti lilikuwa safi, utu sikuuona. Ofisi hiyo hiyo hutoza kodi na kugawa viwanja, na ukutani walikuwa wamebandika tangazo kwamba kila mkaaji ana haki ya kiwanja.

“Sitwayeni,” alianza, “wewe ni mukaaji. Utalipa, na faini ya kutoroka.” Kisha akamgeukia Tata. “Au alikuwa anapita tu?”

Niliomba moyoni Tata aseme neno moja dogo: anapita. Alinyanyuka.

“Haapite, shefu. Mi siwezi kukana mutoto. Alileta kuni. Iko mukaaji kabisa.” Akaelekeza kidole ukutani, uso ukimeremeta. “Basi mumupe parsele. Karibu na yangu. Akirudi na bibi yake, ajenge.”

Hakuwa akifanya hila. Alikuwa akiniombea kiwanja kwa moyo wake wote.

“Na sisi tulilipa kodi tangu zamani,” Mama Ngalula alidakia, “tunangojea parsele. Mukimupa ye, tutafwata ku mustari.”

Watu waliokuwa barazani walisogea mlangoni kusikiliza. Wote Kolwezi walijua viwanja vilikwishagawanywa, na vimegawanywa kwa nani. Mkuu akakohoa, akavuta karatasi, akaandika upesi: mwanafunzi wa kigeni, mpita njia, hana ukaaji, hana kodi. Shauri lililoshindikana kwa majuma lilitatuliwa na hofu ya kipande cha ardhi.

“Mupita njia?” Tata alifoka. “Ule mutu alileta kuni?”

Nilimshika mkono, nikaipokea karatasi, nikatoka naye. Ofisi ile haikustahili hata shukrani yangu ya uongo.

Asubuhi iliyofuata, stesheni. Tata alikuja kunisindikiza, bado amenuna.

“Mutoto, siku mi nitakufa, utaleta kuni?”

“Nitaleta, tata.”

“Basi uko mukaaji.” Akanishindilia karanga mfukoni. “Bale ba kodi baandike byenye banataka.”

Nimerudi Kigoma, nami nafundisha. Nimejifunza kwamba dola lile humtambua mtu akiwa na cha kutoa, na humsahau akinyoosha mkono. Mkiniuliza nilikaa wapi Zaire, sitawaonyesha karatasi yao. Nilikaa kwa Tata Kalonji, na nina deni la kuni.