Jina Chini ya Kiraka

Wiki iliyopita, kwenye maonyesho ya ushonaji huko Granville, nilikuta blanketi la viraka la mama yangu limetundikwa ukutani. Chini yake liliandikwa jina la mwalimu wake wa kushona, kana kwamba ndiye aliyelishona.

Nilimkumbuka. Alikuwa akizunguka mitaani kufundisha kushona, na mchana mmoja wa baridi kali alifika kanisani kwetu Minto, mtaa tuliohamia ughaibuni. Ukumbi ulinuka hita ya gesi na chai ya tangawizi. Mama alikata kitenge chake cha harusi, na kabla ya kufunga kiraka chekundu cha pembeni, akashona jina lake mwenyewe ndani, kama walivyofanya kwenye kambi ya wakimbizi ili blanketi lisiibwe kwenye kamba ya kuanikia.

Niliona aibu. "Mum, hapa hakuna wezi."

"Nyamaza, nishikie uzi," alisema.

Blanketi lilipokamilika, mwalimu alipoliomba akalionyeshe kwa wenzake, nilipiga makofi. Nilidhani ametuheshimu. Mama alilisubiri mpaka akaingia kaburini.

Pale Granville mwalimu alikuwa akipigwa picha. Nilimwacha amalize kutabasamu. Kisha nilichukua mkasi mezani, nikamkabidhi mbele ya wageni wake wote.

"Fumua hicho chekundu, mwalimu. Halafu usome kwa sauti."