Tela la Watasema

Muhiddin Makame hakuwahi kuingia karakanani mwake bila ya kubisha hodi. Karakana ni yake, ufunguo umo mfukoni mwake, kufuli kalifungua mwenyewe sasa hivi. Hata hivyo alisimama kizingitini, akasema "Hodi" kwa sauti ya mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa, akangoja kidogo, ndipo akaingia. Akiulizwa, alijibu kuwa chuma nacho kinalala na si adabu kukivamia. Watu wa Bububu walikwisha kumzoea. Wapo walioamini kuwa ana jini humo ndani. Wapo waliosema ni upweke tu, maana mkewe, Mwanamkasi, alifariki mapema na hakumwachia mtoto, na nyumba isiyo na wa kuitikia humfundisha mtu kubisha popote.

Kazi yake ilikuwa kuchomelea vyuma. Ukipita Bububu ukaona dirisha lenye nondo zilizopindwa mfano wa mawimbi, ujue hapo umepita mkono wake. Fuawe lake lilikuwa kipande cha reli ya treni ile ya zamani, alichokirithi kwa babu yake, na akikigonga kililia mlio mrefu uliochelewa kufa. Alitengeneza mageti, milango ya maduka, vizimba vya kuku, nondo juu ya nondo: vyote vitu vya kuzuia. Alikuwa amefika miaka sabini, na hapajatokea mtu wa kumwomba chombo cha kumchukua kiumbe na kumfikisha mahali.

Nadra alimjua Muhiddin siku ile mbwa aliponing'inia.

Mbwa alikuwa wa kaka yake, Bakar, msasi wa Mangapwani. Wasasi hufuga mbwa wa kufukuzia kima na nguruwe mashambani, na hakuna awalaumuye, almuradi mbwa akae nje na chombo chake kiwe chake. Bakar alimwita mbwa wake Watasema, kama mtu anavyoipa jina mashua yake, na alicheka kila alipomwita mbele za watu. Bakar alipofariki, mbwa hakulia wala hakususa chakula. Kila asubuhi alikwenda ukingoni mwa shamba la muhogo, akakaa pale pale bwana wake alipokuwa akisimama, akalinda mpaka jua likachwa. Nadra alikuwa karani wa skuli moja mjini, akiishi peke yake orofani huko Malindi. Mwisho wa wiki alikuja na Vespa yake, akakaa kibarazani na wifi yake, Mize, mjane wa Bakar, na wote wawili wakamtazama yule mbwa kwa mbali namna watu wanavyotazama dirisha la mtu aliyesafiri. Kila mmoja alijua: siku kile kivuli kitakapokosekana pale ukingoni, Bakar atakuwa amekufa kwa mara ya pili.

Kisha mbwa akatokwa na uvimbe puani, ukawa unavuja damu. Daktari wa mifugo alisema unatibika, ila kwa sindano ya kila wiki, na mbwa aletwe mjini, kwani yeye hawezi kuitembeza dawa ile kila wiki. Ukikatiza, uvimbe utarudi na nguvu mpya, na hapo itabaki kumlaza usingizi asiamke.

Teksi zilikataa kwa sababu ya viti vyao. Vijana wa bodaboda walicheka tu. Akapatikana mwenye kirikuu, kigari cha mizigo, kwa sharti mbwa afungwe kamba shingoni nyuma ya gari, naye Nadra akafuata na Vespa. Walipofika Bububu, lori likapiga honi. Watasema akaruka. Kamba ikamdaka hewani, akaning'inia ubavuni mwa gari, miguu ikitafuta ardhi.

Muhiddin alitoka na msumeno mkononi. Alimkumbatia mbwa tumboni kwa mkono mmoja, akakata kamba kwa mwingine, akaketi naye chini pale pale barabarani. Mate na damu vilimjaa mpaka kiwikoni.

"Hajafa," alimwambia Nadra. "Mshike, bibi. Mie nkatafute udongo."

Alijiosha nyuma ya karakana, maji saba, moja lao la udongo, bila ya haraka, kama mtu anayesali. Nadra alisimama pembeni, haya zimemjaa.

"Nsamehe, mzee. Nimekutia najisini."

"Najisi ina dawa yake. Wewe ndo huna dawa ya safari." Alijifuta mkono kwa kitambaa, akaitazama ile Vespa. "Hii haiwezi kuvuta tela?"

Siku ile daktari alikubali kuja Bububu na sindano ya kwanza, kwa mara moja tu. Muhiddin alianza kazi kesho yake.

Alilijenga tela kwa mapenzi. Magurudumu yalitoka kwenye Vespa mbovu. Kiungo cha kulishikia alikipata kwenye shafti ya gari kuukuu, kile kinachogeuka kila upande, ili Vespa ikilala kwenye kona tela libaki limesimama. Kuta alizisuka kwa nondo, zikapindwa mawimbi. Lakini fahari yake ilikuwa sakafu: bati jipya, laini, linalong'aa hata ukajiona uso, limeinamishwa kidogo kuelekea matundu ya nyuma.

"Tazama," alimwambia Nadra, akamwaga kopo la maji. Yalitiririka yakatoka yote. "Maji saba, la udongo limo, hapabaki hata tone. Hutotia shaka kwa sala yako."

Nadra aliona kuwa hajapata kutengenezewa kitu kizuri kama kile.

Siku ya safari kutoka Mangapwani, Watasema hakufika hata njia panda. Kucha zake zilikwaruza bati, hazikupata pa kushika. Kona ya kwanza ilimtupa kushoto, ya pili ikamgonga pua kwenye nondo, damu ikachuruzika mpaka kwenye matundu. Nadra alipomshusha, mbwa alitetemeka mwili mzima na hakumtazama.

"Mwache, wifi," alisema Mize. "Mpe raha yake afe kwao."

"Akifa nani atakaa pale?"

Wiki ile sindano ikapita. Nadra alimpigia daktari simu.

"Moja tutavumilia, Bi Nadra," alisema daktari. "Ukikosa na ya pili, usimsumbue tena mbwa wa watu."

Nadra alirudi Bububu akivuta tela tupu. Muhiddin aliinama, akapitisha kidole juu ya michirizi ya kucha, mmoja baada ya mwengine, kama asomaye.

"Nimeyajengea maji," alisema mwishowe. "Mbwa sikumjengea." Akavua miwani ya kuchomelea, akaiweka juu ya reli. "Nipakie."

"Wapi, mzee?"

"Humu alimokuwa yeye. Twende mpaka Chuini, turudi."

Ng'ambo ya barabara Amour, muuza madafu, aliacha kukata. "Muhiddin, wapelekwa wapi?"

"Kwa daktari."

"Na mbwa mwenyewe yuko wapi?"

"Si huyu, kavaa kofia."

Kicheko kilienea kibaraza kwa kibaraza. "Mfunge vizuri, Bi Nadra," alipaza Amour, "asije akatung'ata. Tena meno kabakisha mawili."

"Hayo mawili ndo yako wewe," Muhiddin alimjibu, na Vespa ikaondoka.

Alijilaza chini kabisa, uso wake pale pale panapokaa uso wa mbwa. Nadra alikwenda polepole. Kwenye kioo aliiona kofia tu, na nyuma yake minazi ikirudi, na bahari ikijitokeza baina ya vigogo, ikizama, ikijitokeza tena. Jua la alasiri lilikuwa laini. Kwa kitambo hakujua tena ni nani anayemvuta. Huenda ni mzee Muhiddin, huenda ni Bakar aliyechoka na usasi, anarudishwa nyumbani. Na yeyote awaye, alitamani barabara isiishe.

Waliporudi, Muhiddin hakushuka.

"Umeumia, mzee?"

"La." Macho yake yalikuwa juu, kwenye majani ya mnazi. "Moshi wako wote unaingia puani mwake, hilo nimeliona. Na bati linatetema mpaka kwenye meno. Nngoje kidogo." Akapumua. "Tangu marehemu mama yangu, Mwanakheir, anishushe mgongoni, hajanichukua mtu mpaka leo."

Nadra alizima Vespa, akakaa juu yake, akamngojea.

Kesho yake Muhiddin alilikata tela kwa mkono ule ule uliolijenga. Alishusha sakafu karibu na ardhi, akapanua baina ya magurudumu, akatia springi. Aligeuza bomba la moshi likatazama kando. Badala ya kamba ya shingoni alishona mkanda wa turubai unaokumbatia kifua, wenye vishikizo viwili vifupi, kulia na kushoto: mbwa aweze kulala na kusimama, kuruka asiweze. Alihitaji kipimo cha kifua, basi akaenda Mangapwani mwenyewe, akachuchumaa ukingoni mwa shamba la muhogo, akamzungushia mbwa utepe. Mkono wake mkavu, manyoya makavu: hapo najisi haihami. Watasema alimnusa kofia, kisha akarudisha macho yake shambani, kazini.

Kilichobaki ni sakafu. Bati halikufaa, mbao zingeteleza zikiloa. Mize, aliyekuwa akiwatazama toka kibarazani, aliinuka bila ya kuitwa. Makumbi yake ya nazi yalikuwa yamekwisha kufukuliwa na kupondwa, tayari kwa kusokotwa kamba za kuuza. Alizisokota kamba zile, akazifuma busati nene, gumu, lenye miiba midogo ya nyuzi ambayo kucha ingeweza kuishika.

"Utalioshaje hilo, mzee?" aliuliza alipomkabidhi.

"Ntalitoa, ntaliosha, ntalianika. Kwani tuna haraka gani?"

Siku ya sindano ikafika. Watasema alipandishwa, akasimama, akasubiri kuanguka. Hakuanguka. Kona ya kwanza alijishika. Kona ya pili alikaa. Walipofika Bububu alikuwa amelala, kidevu juu ya ukingo wa tela, masikio yakipepea, na Amour wa madafu akanyanyua panga lake kama anayemsalimia waziri.

Ndivyo wiki zilivyopita. Nadra aliomba ruhusa skuli, akawa anapita Bububu asubuhi na kurudi adhuhuri. Kila wanapopita walisimama, na Muhiddin akachuchumaa akakikagua kiungo, akatikisa mnyororo wa akiba uliolishika tela, akapitisha kiganja mgongoni mwa mbwa. Kisha akaenda kujiosha, kama palikuwa na majimaji kweli au shaka tu, hakujali. Uvimbe ukawa unanywea, mpaka pua ikabaki na kovu tu.

Muhiddin alifariki mwezi wa maulidi, usingizini. Nadra alikuwa Pemba kwa shughuli ya skuli, akapata habari mazishi yamekwisha. Alipokwenda Mangapwani alikaa kibarazani na Mize kama kawaida, na kivuli kilikuwapo ukingoni, kimekaa wima, kinawazuia kima wasiingie kwenye muhogo. Walikitazama mpaka kiza kikaingia. Mize akasema chai imepoa. Hakuna aliyeinuka.

Mara ya mwisho Nadra kumwona mzee hai ilikuwa siku daktari aliposema basi, sindano zimetosha, mbwa arudi kwao. Nadra alisimama Bububu kumpa habari. Muhiddin aliitikia kwa kichwa tu. Alikagua kiungo, akakaza kishikizo cha kulia, akalegeza kidogo cha kushoto. Nadra alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, badala yake akawasha Vespa. Mzee alimshika begani kabla hajaondoka.

"Tuta la Chuini punguza mapema, mwanangu. Wewe unaliona, yeye halioni."