Mzee wangu aligoma kumkanyaga mkwe kichwani, tena kwenye gemu

Wakuu, shikamooni mnaonizidi umri kama mmebaki humu, na nyie wengine marahaba hata kama hamjanisalimia.

Haya yametokea sebuleni kwangu hapa Kawetele, mwenyewe nimekaa katikati nashuhudia. Chumvi siongezi, yenyewe ilikuja imekolea.

Shule niliishia la tatu, naandika kwa kidole kimoja. Mtu asinisahihishe herufi, asubiri nimalize.

Juzi niliona vijana humu wanabishana. Mmoja anauliza, hivi mtu mzima na akili zake ananunuaje vile vimashine vidogo vya gemu vilivyotengenezwa kufanana na vile vya zamani, wakati kwenye simu kuna gemu kali bure? Wengine wakajibu ni ushamba, wengine ni kumbukumbu.

Mimi nikacheka peke yangu. Nina kimoja hapa chini ya TV.

Twende taratibu.

Zamani mzee wangu, yaani baba watoto wangu, alikuwa anaendesha lori la majani ya chai, anashusha Dar anarudi. Safari moja akarudi na mashine ya gemu, zile za kanda. Ikigoma unachomoa kanda, unapuliza puu, unarudisha, inawaka. Kanunulia watoto, eti. Watoto wakawa wanapanga foleni kumsubiri yeye amalize!

Halafu radi ikaiua. Wa Rungwe mnajua radi zetu. Mzee akaiweka juu ya kabati miaka na miaka, kama mgonjwa ambaye siku moja ataamka.

Sasa mwezi uliopita kitinda mimba wangu, Lugano, kaja kutoka Dar na mkewe Rehema. Kafungua begi, katoa kiboksi. Ndani mashine ile ile, rangi ile ile, vitufe vile vile, ila inaenea kiganjani.

Mzee akaigeuza geuza. "Hii imefuliwa ikarudi?"

Mimi natafuta pa kupuliza sipaoni. Pale pa kanda ni urembo tu, hapafunguki. Lugano akasema gemu zote zimo humo humo, mama. Mwe! Nikasikia kama huruma hivi. Kitu kimerudi kizima, ila hakina tena mahali pa kukipulizia.

Mzee akakaa. Vidole vikakumbuka vyenyewe. Yule mtu analalamika goti kutwa, dakika kumi simsikii.

Hapo sasa niwaambie kuhusu Rehema, maana uzi ni wake.

Rehema kwao Morogoro. Binti mchangamfu, mkono mwepesi, mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, nimemfundisha siku moja tu kaipika kunizidi. Ana miaka mitano kwenye ndoa, na sasa ana mimba ya miezi sita, ya kwanza.

Ila kila akija kwetu, akiingia sebuleni mzee anatoka. Akisalimia, mzee anajibu kaangalia ukuta. Njiani wakikutana mzee anakatiza kwenye migomba. Hajawahi kumwita jina, hajawahi kula naye meza moja.

Wanyakyusa wenzangu mshaelewa. Kwa kilugha chetu ni kutila. Mkwe wa kike na baba mkwe hawaangaliani, hawakai pamoja. Ni heshima kubwa fijo. Siku hizi wengi wameacha, ila mzee wangu kashikilia kama alivyoshikilia baba yake.

Sasa kosa letu hili hapa. Mimi nilijua Lugano kamwambia mkewe. Lugano alijua mimi nimemwambia. Mzee ndiyo kabisa, yeye anajua dunia nzima inajua.

Miaka mitano, wakuu!

Ijumaa ile asubuhi Lugano kapanda bodaboda kaenda Isongole kufuata viazi vya kurudi navyo Dar. Mvua ikamfungia huko huko. Mimi nikaingia chumbani kwa Rehema kumpelekea chai, namkuta anapanga nguo kwenye begi.

Nikamuuliza, mbona mapema, si mnaondoka Jumapili?

Akasema, "Mama, wewe nakupenda, Mungu anajua. Ila baba ananichukia na sijui nimemkosea nini. Hii ndiyo mara yangu ya mwisho kukanyaga hapa. Na mtoto sitamleta mahali ambapo mama yake akiingia watu wanasimama wanaondoka."

Chai ilinimwagikia mkononi.

Nikafungua mdomo nimweleze, mzee akaita sebuleni. "Mama Lugano! Njoo ushike hii ya pili, nimekwama!"

Nikamwambia Rehema nisubiri nakuja. Mwenzenu nilijua nitamtuliza mzee mara moja nirudi. Kumbe.

Gemu lenyewe ni watu wawili wanapanda mnara, maji yanawafuata kwa chini. Mmoja akibaki chini wote mnakufa. Na vile viwaya vya pedi za kuchezea ni vifupi, jamani, walionunua mnanielewa, mtu unakaa pua imegusa TV. Nikakaa. Nikabonyeza. Nikamuua mzee mara nne.

"Wewe mwanamke una kisirani na mimi?"

"Nina mambo ya maana kichwani baba Lugano, niache niende."

"Ruka basi! Ruka! Aa, umeniua tena."

Sauti ikatoka mlangoni nyuma yetu. "Hapo haturuki, mama. Mmoja anachuchumaa kona ya kushoto, mwenzake anamkanyaga kichwani anapanda, halafu anamvuta."

Rehema! Kumbe kwao walikuwa na mashine hiyo hiyo, kakua nayo na kaka zake wanne.

Mzee akakauka. Nikajua sasa anasimama anatoka, na akitoka tu binti anafunga zipu ya begi. Nilimwomba Kyala kimoyomoyo.

Hakusimama. Macho kwenye TV, akasema taratibu, "Mama Lugano, muulize huyo, pale kwenye gurudumu je?"

Huyo mwenyewe yuko hatua mbili nyuma yake!

Nikamuuliza. Rehema akajibu, "Mwambie baba napo ni hivyo hivyo." Nikampisha kiti, nikampa pedi yangu, mimi nikakaa katikati yao kidogo nyuma. Mzee akasogea mpaka ukutani, ila waya ukamrudisha.

Wakacheza. Hakuna anayemwangalia mwenzake, wote wanaangalia mbele. Nikaona, ee, kumbe inawezekana.

Wakafika kwenye kona. Mtu wa Rehema akachuchumaa. Mtu wa mzee akasimama pembeni. Maji yanapanda, wakafa.

Mara ya pili, hivyo hivyo.

Rehema akanigeukia, macho yameshajaa machozi. "Mama, hata kwenye gemu hataki kunigusa?"

Mzee akamsikia. Akaweka pedi chini.

"Mama Lugano, mwambie mimi siwezi kumkanyaga mkwe wangu kichwani. Miaka mitano namtunzia heshima yake, sijamwonyesha uso, sijamtamka jina, napita kwenye matope nisimzibie njia. Leo niivunje kwa gemu?"

Rehema akauliza, "Heshima?"

"Sasa alidhani nini?" mzee akaniuliza mimi, na kweli alikuwa hajui.

Ndiyo nikaeleza, wakuu. Yote, mwanzo mpaka mwisho, mmoja huku mmoja kule. Rehema akalia mpaka nikaogopa mimba. Mzee akawa anafuta pedi na shati, anaifuta tu, na haina vumbi.

Nikasema basi geuzeni, baba achuchumae, Rehema apande.

Rehema naye akagoma! "Mama, na mimi nimkanyage baba?"

Wakafa mara ya tatu, kwa heshima.

Nilicheka mpaka kitambaa kikanidondoka. Mzee akavumilia, akavumilia, mwisho akachuchumaza mtu wake pale kona, akasema, "Mama Lugano, mwambie apande. Mtoto anapanda mgongoni kwa baba yake, hiyo siyo kukanyaga."

Akapanda.

Jumapili wameondoka. Mzee hakumpa mkono, alibaki ndani kama kawaida yake. Ila Lugano alipotaka kufunga kile kimashine kwenye begi, Rehema akakichomoa akakirudisha chini ya TV. Akasema mtoto akizaliwa watakuja kumalizia.

Hivi vya kisasa unaweza kuacha gemu katikati ukalikuta pale pale, zamani umeme ukikatika mnaanza upya. Walisimama steji ya saba. Mzee hataki mtu aiguse. Jirani kaja na kijana wake acheze, mzee kasema hapana, ile ni ya wawili na mmoja hayupo.

Sasa nyie mnaouliza mtu mzima ananunua nini pale. Mimi naona hanunui gemu. Gemu la simu unainama peke yako na shingo yako. Haka kanakurudisha kwenye mkeka na mwenzako pembeni, na kuna watu hawawezi kuangaliana usoni lakini wakipewa kitu kimoja cha kuangalia mbele, wanakaa.

Na nilichojifunza kingine, mila usimwachie mwenzio akueleze kwa mkweo. Mweleze mwenyewe, siku ya kwanza, kabla hajaweka begi chini. Mimi nusura nimpoteze mjukuu kwa kudhani tu.

Haya, semeni na nyie. Walioolewa makabila ya mbali, ni kitu gani mlidhani ni chuki kumbe ni heshima? Na mwenye kujua wapi wanauza waya mrefu wa pedi aniambie, maana Rehema akirudi atakuwa ameshajifungua, ila mzee bado atataka kukaa ukutani.

Ndaga fijo kwa kunisoma.