Mshale Uliokataa Kuacha Uzi

Mimi ni seremala wa Kikima, na aibu hii niliitafuta mwenyewe. Ilikuwa miaka ya themanini, tukingoja mashindano ya kulenga shabaha. Nilichonga mishale yangu, kisha nikakata kwa msumeno lile pengo la nyuma ambamo uzi wa upinde hukaa.

Baba mkwe, mwindaji tangu ujana wake, aliutazama mmoja.

"Mutiso, pengo hili ni pana. Halitashika uzi. Kata kwa kisu, pole pole, ukijaribu."

"Hayo ni ya mishale ya kuwinda, Baba," nikamjibu. "Ya shabaha inataka pengo pana, ndiyo itoke haraka."

Nani alinifundisha hayo? Hakuna.

Siku yenyewe nilijaribu nyuma ya choo cha uwanja. Kila mshale ulianguka miguuni kabla sijavuta. Kuomba kisu nikate pengo jipya kungekuwa kukubali makosa. Basi nikatoa gundi ya mbao mfukoni, nikajaza pengo la mshale mmoja, nikaupachika kwenye uzi, nikaenda kungoja zamu yangu nikiwa nimeushika vivyo hivyo.

Nilisahau kwamba chifu alikuwa hajatoa hotuba. Akaitoa yote, juani, na gundi ikikauka.

Nilipoitwa nilivuta, nikaachilia. Uzi ulilia, lakini mshale haukwenda popote. Ulibaki ukining'inia pale kama mjusi.

Baba mkwe akaja taratibu, akachukua upinde, akainusa ile gundi.

"Mutiso," akaniuliza kwa upole kabisa, "hiki ni kiti cha nani?"